Kwa nini gari la zamani huwaka ukishikilia ufunguo, kisha huzima ukiuachilia?

Asubuhi za baridi kule Molo, Datsun ya miaka ya 1970 inaweza kumchezea mwenyewe hivi: akistati, injini inashika vizuri, akiachilia ufunguo, kimya. Jirani atalaumu karabureta, mwingine atamwambia anunue plagi mpya. Mimi ningeangalia kwanza kipande cha kauri kilichofungwa karibu na koili, kile wanachokiita resista.

Ndani ya koili mna nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa chuma kimoja: mnene wenye mizunguko mia kadhaa, na mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Pointi za distributa, yaani swichi ndogo inayofunga na kufunguka injini ikizunguka, zikifunga, umeme wa betri hupita kwenye waya mnene na kujenga usumaku. Zikifunguka, usumaku unaporomoka ghafla, na ni huo ughafla unaozalisha volti 20,000 au zaidi kwenye waya mwembamba. Hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi na kuwa cheche.

Shida ni stata, mota inayozungusha injini ili iwake. Inakula umeme mwingi mno, hasa oili ikiwa nzito kwa baridi, hata betri ya volti 12 ikashuka hadi 9 hivi. Cheche ingekuwa hafifu wakati ule ule inapohitajika zaidi. Kwa hiyo waundaji walitengeneza koili inayotosheka na volti chache, wakaipa njia mbili. Ukistati, umeme unaipita resista kando na kufika kwenye koili wote. Ufunguo ukirudi, njia hiyo inafungwa, na umeme unapitia resista, ambayo inapunguza volti kwa kuzigeuza joto (usiiguse resista hiyo ikiwa injini imenguruma kwa muda).

Resista ikikatika, njia ya kustati bado ni nzima, ya kuendeshea haipo.

Mafundi wengine huunganisha waya moja kwa moja hadi kwenye koili, bila resista, na gari likawaka. Ukikwama usiku Mau Summit, sawa, likufikishe nyumbani. Lakini koili ya omu 1.5 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye volti 12 inavuta ampea 8 badala ya 4 ambazo ingevuta pamoja na resista ya omu 1.5. Koili inachemka, pointi zinaungua. Ukikosa resista madukani, tafuta koili ya omu 3, ambayo haihitaji resista kabisa, na uipime kwa mita kabla hujalipa.