Je, wajua kwa nini baadhi ya viwanja vya ndege huwajengea watazamaji mahali pao?

Ukitoka katikati ya Lubumbashi kuelekea Luano, uliko uwanja wa ndege wa mji huo, jioni ya kiangazi, wakati vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazoungua vimefunika upeo wote, huenda ukawakuta watoto wamesimama juu ya kichuguu. Kichuguu cha Katanga si kile kirundo cha udongo ambacho mtu hukiruka kwa hatua moja. Ni kilima halisi kilichojengwa na mchwa kizazi baada ya kizazi, kinachoweza kufikia kimo cha mita 5 na upana unaozidi mita 10, na kwa kawaida upande wake mmoja huwa umeshamegwa na wafyatua matofali. Aliye mdogo kuliko wote hupandishwa kileleni kwa sababu macho yake ndiyo makali. Anaponyoosha kidole upande wa machweo na kupaza sauti, «Ndeke!», yaani ndege, wenzake hunyamaza na kungoja mngurumo, kwa kuwa taa za ndege huonekana muda mrefu kabla injini zake hazijasikika.

Watoto hao wamejipatia bure kitu ambacho viwanja vingi vya ndege duniani hukijenga kwa saruji na vyuma: mahali pa juu, penye usalama, panapomwezesha asiye na tiketi kutazama ndege zikitua na kuruka. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini uwanja ambao kazi yake ni abiria na mizigo ugharimie starehe ya mtu asiyesafiri. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, katika historia ya viwanja vya ndege mtazamaji alimtangulia abiria. Pili, mtazamaji huja hata asipoalikwa, na uwanja usiomchagulia mahali pa kusimama humwachia ajichagulie mwenyewe.

Mwezi Mei 1909 ulifunguliwa kusini mwa Paris uwanja ulioitwa Port-Aviation, ambao hutajwa kuwa wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa ajili ya ndege. Wakati huo hapakuwa na abiria wa kusafirisha, wala ndege yenye nguvu za kuwabeba kwa wingi. Kilichojengwa kilifanana na uwanja wa mbio za farasi: eneo la wazi la kurukia, na kandoni majukwaa ya watu waliolipa kiingilio. Agosti ya mwaka huohuo, mjini Reims, mashindano ya juma zima yaliwavuta watazamaji wengi mno, na marubani wakagombea zawadi mbele ya majukwaa yaliyofurika. Kwa hiyo anayedhani kwamba roshani ya kutazamia ni pambo lililoongezwa baadaye amegeuza mambo, kwa maana majukwaa yalikuwapo hata kabla ya kaunta ya mizigo.

Mashirika ya ndege yalipoanza kazi kwa ratiba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wachoraji wa majengo waliendelea kumhesabu mtazamaji. Jengo la abiria la Hamburg la mwaka 1929 lilipangwa kwa ngazi za roshani zilizoelekea uwanjani, na lile kubwa la Tempelhof mjini Berlin, lililoanza kujengwa mwaka 1936, lilikusudiwa kubeba juu ya paa lake maelfu kwa maelfu ya watazamaji wa maonyesho ya ndege. Sababu mojawapo ilikuwa fedha, kwani safari zilikuwa chache na tiketi ghali, hali kiingilio na kikombe cha kahawa vilimfikia hata mwenye mfuko mwembamba. Sababu nyingine ilionekana usiku wa tarehe 21 Mei 1927, rubani Mmarekani Charles Lindbergh alipotua kwenye uwanja wa Le Bourget, karibu na Paris, baada ya kuvuka Atlantiki peke yake. Umati uliozidi watu laki moja ulivunja vizuizi na kumiminika uwanjani kuikimbilia ndege yake. Aliyeona tukio hilo hakuhitaji kufundishwa kwamba watazamaji wasiopangwa ni hatari kwao wenyewe na kwa rubani.

Kilele cha desturi hiyo kwa upande wa Ufaransa kilikuwa uwanja wa ndege wa Orly, kusini mwa Paris. Jengo lake la kusini lilizinduliwa mwaka 1961, na katika miaka iliyofuata familia za Paris zilikwenda huko Jumapili kama watu wanavyokwenda ufukweni, wakakaa kwenye roshani kutazama ndege za jeti, ambazo zilikuwa bado jambo jipya. Kisha Januari 1975 washambuliaji walijaribu mara mbili kuzilenga ndege za shirika la Israeli, El Al, uwanjani hapohapo, na roshani zikafungwa. Mahali pengi duniani pamekuwa na habari ya namna hiyo. Paa lililo wazi juu ya ndege zilizoegeshwa, ambalo zamani lilionekana kuwa ukarimu, lilianza kuonekana kama mlango uliosahauliwa bila kufuli.

Hata hivyo kufunga roshani hakukuwaondoa watu; kuliwahamisha tu mpaka kwenye uzio, na mara nyingi wakasimama mwisho wa njia ya kurukia, ambayo kwetu wengi huiita pisti. Hapo ndipo pabaya kuliko kote, na hesabu yake ni nyepesi. Ndege ya abiria hushuka kwa mteremko wa takriban nyuzi 3, yaani kwa kila kilomita moja ya mbele hushuka kiasi cha mita 52. Ikiwa bado kilomita 2 kabla ya kugusa ardhi, iko juu ya mita 100 na ushee. Inapopita juu ya mwanzo wa pisti, imebakiza kama mita 15, kimo cha jengo la ghorofa nne au tano. Anayesimama pale huiona kwa ukaribu usio na mfano, lakini hana pa kukimbilia jambo lolote likienda mrama. Na ndege inayojiandaa kuruka huanzia mwisho uohuo ikiwa imempa mgongo, injini zake zikisukuma nyuma upepo wenye nguvu ya kimbunga. Kwenye kisiwa cha Sint Maarten, ambako ufuo wa Maho umetenganishwa na njia ya kurukia kwa barabara na uzio tu, mwanamke mmoja kutoka New Zealand alifariki Julai 2017 baada ya upepo huo kumtupa chini.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kwenda visiwani kutafuta mfano. Mjini Goma, lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia na kuifupisha, na tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuangukia nyumba na maduka ya mtaa wa Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa watu waliojikuta kwenye mstari wa pisti, hata kama siku hiyo hawakuwa wakitazama ndege. Ndiyo maana sehemu za kutazamia zilizopangwa kwa akili huwekwa ubavuni mwa njia na si miisho yake, mamia kadhaa ya mita kutoka katikati, na huinuliwa kwa kilima cha udongo au jukwaa ili macho yavuke uzio. Manchester wana bustani ya namna hiyo kandokando ya uwanja, yenye vilima vya kusimamia na ndege iliyostaafu ya Concorde, ile ya abiria iliyoishinda sauti kwa kasi, na mwenye gari hulipia maegesho. Tokyo, kwenye uwanja wa Haneda, wamebaki na desturi ya zamani ya paa la jengo la abiria.

Lipo pia suala la takataka, ambalo halina mvuto lakini lina uzito. Mfuko wa plastiki unaopeperuka hadi kwenye injini, au mabaki ya chakula yanayowaita mwewe na kunguru, vinaweza kuharibu safari. Julai 2000 Concorde ilianguka karibu na Paris baada ya gurudumu lake kukanyaga ukanda wa chuma wenye urefu wa chini ya nusu mita, uliodondoka kutoka kwa ndege iliyotangulia. Penye mahali rasmi pa watazamaji huwekwa pipa lenye mfuniko na mtu wa kulimwaga. Penye uzio mtupu, kila muuza karanga na kila mla karanga hufanya apendavyo.

Sababu ya mwisho inahusu macho yenyewe, na hapo ndipo wakuu wa usalama wanapotofautiana. Novemba 2001 Wagiriki waliwakamata wapenzi wa ndege kumi na wawili kutoka Uingereza na wawili kutoka Uholanzi waliokuwa wakiandika namba za ndege za kijeshi. Walihukumiwa kwa makosa ya ujasusi mwaka uliofuata, kisha hukumu ikafutwa katika rufaa. Ottawa, nchini Kanada, walifuata njia iliyo kinyume: wapenzi wa ndege walijiunga katika kikundi cha kujitolea kinachoutazama uzio na kutoa taarifa wakiona jambo lisilo la kawaida. Mtu anayekuja kila Jumamosi kwa miaka kumi hulitambua gari geni haraka kuliko askari aliyehamishiwa hapo juzi. Luano yenyewe ina kumbukumbu nzito kuhusu macho ya watazamaji. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliposhushwa hapo kwenye ndege aina ya DC-4, askari wa Uswidi wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo uwanjani waliwaona, na maelezo yao yakaingia katika uchunguzi wa mauaji ya watu hao watatu. Pengine mazoea ya askari wetu ya kumtilia shaka yeyote anayeinua kamera karibu na uwanja yana mizizi mirefu kuliko tunavyodhani.

Tuseme basi kwamba Luano ingepata kilima chake rasmi. Kingewekwa wapi? Njia ya kurukia ina urefu unaozidi kidogo kilomita 3 na namba 07 na 25, maana yake imeelekea nyuzi 70 upande mmoja na nyuzi 250 upande mwingine, yaani karibu mashariki na magharibi. Ndege hutua na kuruka zikiukabili upepo, na upepo wa kiangazi kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo siku nyingi ndege huingia kutoka magharibi. Anayetaka kuona matairi yakitoa moshi yanapogusa lami angehitaji kuwa karibu na theluthi ya magharibi. Anayependa kuona pua ikinyanyuka angesogea mashariki zaidi, kwa sababu mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, ambako hewa ni nyepesi na ndege iliyojaa hukimbia mbali kabla ya kupaa.

Halafu kuna jua. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Februari hadi Oktoba jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Mtazamaji aliye kaskazini mwa pisti angeligeuzia jua mgongo, nayo ndege mbele yake ingeng'aa hadi maandishi ya ubavuni yasomeke. Miezi iliyobaki jua hupita karibu na utosi, tena ni majira ya mvua na mawingu. Kinachobaki kumsumbua ni jioni, ndege inapotokea magharibi na jua likiwa nyuma yake. Hapo watoto wa kichuguu wana ufundi wao: huinamisha nyuso, huiacha ndege iwapite kwa mngurumo, kisha hugeuka wote kwa pamoja kuelekea mashariki, ambako mwanga umeiangukia mkiani, na kuanza kubishana ni ya Addis Ababa au ya Nairobi.