Reffen: soko la chakula lenye sura ya yadi ya vyuma chakavu

Ukishuka kwenye basi la maji, yaani boti ya abiria, huko Refshaleøen, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, unapokewa na makontena ya rangi rangi, meza za mbao, moshi wa majiko, na kwa nyuma mabohari makubwa ya iliyokuwa karakana ya meli ya Burmeister & Wain. Hapo ndipo Reffen. Sura yake ya kuungaunga huwapotosha wageni wengi: wakiona kontena wanadhani mambo ya hapo ni bora liende, na bei yake vilevile.

Eti ni kisiwa, bila kukodi boti hufiki

Zamani Refshaleøen kilikuwa kisiwa kweli, lakini bahari ilijazwa udongo na sasa kimeungana na Amager, kisiwa kikubwa cha jirani. Basi la kawaida linafika, baiskeli ndiyo usiseme. Hata hilo basi la maji ni usafiri wa umma, na tiketi yake ni ileile ya metro. Anayelipia safari ya kitalii ya mifereji ili tu afike sokoni anatupa hela.

Eti ni soko la kale la mabaharia

Kilicho cha kale ni majengo. Karakana ilianza kuunda meli hapo miaka ya 1870, na kampuni hiyo ndiyo iliyounda Selandia, meli ya dizeli iliyoanza safari za mbali mwaka 1912. Karakana ikafilisika mwaka 1996. Mabohari yakabaki matupu, yakapata kazi nyingine: mashindano ya nyimbo ya Eurovision ya 2014 yalifanyika ndani ya bohari mojawapo. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo wachuuzi walikuwa Papirøen, kwingine hapohapo bandarini, kwenye maghala yaliyokuwa ya karatasi za magazeti, hadi mwisho wa 2017 walipopisha ujenzi mpya.

Eti chakula cha mtaani lazima kiwe cha bei poa

Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukienda na hesabu za Forodhani ya Zanzibar utarudi na njaa. Sahani moja aghalabu inakaribia kroni 100 au inazipita, yaani euro 13 na ushee, kabla hujagusa kinywaji. Denmark inatoza VAT ya asilimia 25 kwenye chakula cha mgahawani, na mshahara wa anayekugeuzia nyama jikoni si mdogo. Mkiwa wawili au watatu, kila mmoja anunue kwenye kibanda tofauti, kisha mle pamoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo raha yenyewe ya mahali hapa, kwa kuwa vibanda vinapika vya mabara tofauti.

Eti makontena hayakaguliwi

Yanakaguliwa kama hoteli. Tangu mwaka 2001 Denmark ina utaratibu wa kubandika ripoti ya mkaguzi wa chakula mahali ambapo mteja anaiona. Angalia karibu na dirisha la kuagizia: kuna karatasi yenye kikatuni cha uso. Uso ukitabasamu mambo safi. Ukinuna, kuna walichokamatwa nacho. Huhitaji kujua lugha yao.

Eti kibanda cha Kiarabu au cha Kituruki, basi nyama ni halali

Usikisie. Tangu 2014 sheria ya Denmark hairuhusu kuchinja mnyama ambaye hajazimishwa fahamu kwanza. Kwa hiyo nyama ya halali utakayoikuta ama ni ya mnyama aliyezimishwa fahamu kwanza, ama imeagizwa nje. Masheikh wanahitilafiana juu ya hilo, nami siyo mufti. Uliza kila kibanda, tena uliza na mafuta: chipsi zilizokaangwa kwenye karai moja na kitimoto hazina tangazo. Samaki na falafeli hupunguza maswali, ila la mafuta liko palepale.

Eti maji ya bandari ya viwanda ni sumu

Yalikuwa machafu kweli. Jiji likarekebisha mifereji ya majitaka, na mwaka 2002 bwawa la kuogelea ndani ya bandari likafunguliwa mtaa wa Islands Brygge. Ogelea sehemu zilizotengwa tu. Mvua kubwa ikinyesha hufungwa kwa muda, maana majitaka yanaweza kufurika hadi bandarini.

Eti linakuwepo mwaka mzima

Reffen ni soko la msimu, na sehemu kubwa yake iko wazi juani na mvuani. Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, watu wamekaa tu ukingoni na sahani zao. Desemba linazama kabla ya saa 10 alasiri, na hakuna anayetaka kula mishkaki kwenye upepo ule. Kabla ya kukata tiketi ya ndege, hakikisha msimu wa mwaka huo unaanza lini, na ubebe koti hata kama ni Julai.