Mwache mwanao acheze na wa umri wake

Kijana alikuwa amekaa juu ya tofali nyuma ya goli, anafunga gidamu za viatu. Nilikuwa na fomu ya usajili mkononi, nikamuuliza swali ambalo watoto hulijibu bila kufikiri: umezaliwa mwaka gani? Aliinua uso, lakini hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake. Kisha akautaja mwaka kwa sauti ndogo, akarudi kwenye gidamu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Baba yake tunasali kanisa moja. Alikuja na bahasha, ndani yake mna cheti cha kuzaliwa kinachoonesha kwamba mtoto ana miaka 15. Alitaka kujua: akiomba nakala mpya ya cheti cha ubatizo, tarehe ikasogezwa mbele miaka 2, nitamsajili na wadogo? "Si kwa ubaya, mwalimu," aliniambia. "Nataka mwanangu aonekane."

Nafundisha mpira wa watoto hapa Unguja mwaka wa 14 huu, na Jumapili asubuhi nina darasa la Shule ya Jumapili. Ombi kama hili nimeletewa na wazazi wa dini zote. Leo nasema na wazazi wenzangu Wakristo kwa sababu cheti cha ubatizo ni karatasi yetu sisi. Siku ile mtoto alitiwa maji kichwani, jina lake likaandikwa mbele ya wasimamizi wake. Ukiichezea tarehe ile ili apate namba kwenye timu, unamfundisha nini juu ya kila kitu kingine ulichomwambia kuhusu kanisa?

Hamu ya yule baba naielewa. Mwaka 2023 Karume Boys, vijana wa Zanzibar, walipochukua ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati, wa chini ya miaka 15 kule Uganda, kwa penalti, tena mbele ya wenyeji wenyewe, kila mzazi aliyekuwa na mtoto mwenye mpira mguuni alimwona mwanawe kwenye picha ile. Lakini miaka 5 nyuma, 2018, vijana wetu wa chini ya miaka 17 waliondolewa kwenye mashindano ya CECAFA huko Burundi kwa sababu ya umri. Furaha ile na aibu ile zimetoka kisiwa kimoja.

Mchezaji aliyezidi umri tunamwita kijeba. Wengi wanadhani anayeumia ni mtoto mdogo anayegongana naye, na kweli anaumia. Ila mimi nimewafuatilia vijeba wenyewe, na wao ndio wanaonisikitisha zaidi. Kijana wa miaka 15 akicheza na wa miaka 13 hahitaji kujifunza kitu. Anasukuma, anapita. Anapiga mpira mrefu na kuukimbilia, hakuna wa kumfikia. Hajifunzi kuupokea mpira akiwa amebanwa, wala kutazama kabla haujamfikia, wala kutumia mguu wa pili. Akishafika kwa watu wazima, ile nguvu kila mtu anayo, na yeye hana kitu kingine. Miaka ile 2 aliyoibiwa ndiyo miaka ya kujifunza.

Na mwili una daftari lake. Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye ncha, mahali penye gegedu laini. Ukuaji ukielekea mwisho, gegedu lile hugeuka mfupa kamili. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Nigeria, mwaka 2009, kwa sababu ni nadra sana kwa mvulana wa chini ya miaka 17 mfupa wa hapo kuwa umeshafunga kabisa. Ukifika hapo, bahasha haisaidii.

Najua linalowasumbua wengi: mtoto ana umri halali lakini ni mdogo wa umbo. Subirini. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kwenye miaka 13 na 14, wasichana hutangulia kama miaka 2, na watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana sana. Katika kipindi hicho hujikwaa na kupoteza mpira waliokuwa wakiumudu mwaka jana. Wengine hulalamika maumivu chini kidogo ya pia ya goti, pakivimba kwa ugumu. Pale kano ya msuli wa paja inavuta mfupa ambao bado haujakomaa. Tafadhali usimkande kwa nguvu halafu umrudishe uwanjani kesho yake. Mpunguzie kukimbia na kuruka, mwekee barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na akichechemea mpeleke kwa daktari. Kwa kawaida huisha ukuaji unapokamilika. Mtoto anayeambiwa anadeka wakati goti linamuuma ndiye yule Paulo aliyewaonya akina baba wa Kolosai juu yake: anakata tamaa.

Kuhusu Jumapili, mechi zetu ni saa 10 jioni, ibada ya asubuhi haiguswi. Ramadhani mazoezi husogea usiku baada ya tarawehe, na mwanao asinywe maji mchana mbele ya wenzake waliofunga. Hilo mfundisheni nyumbani kabla sijamfundisha mimi. Wenzake wakiomba dua kabla ya mechi asimame nao kwa adabu, aombe yake moyoni. Mpira na kanisa wamejuana zamani hapa, tangu karne ya 19 wanafunzi wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walipokuwa wakicheza pale shuleni kwao Kiungani.

Yule baba nilimkumbusha maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa halali. Hakunijibu. Aliikunja bahasha, akaondoka na mwanawe, nami nikadhani nimempoteza mtoto. Jumatatu walirudi na cheti kimoja tu, kile cha kwanza.

Tulimsajili na wakubwa. Mechi tatu alikaa benchi. Ya nne, kamisaa wa mchezo alipita kwenye mstari na leseni, akiwauliza mmoja mmoja, na alipofika kwake kijana alitaja mwaka wake kabla swali halijaisha. Aliingia dakika 12 za mwisho. Alipoteza mpira mara mbili. Mara ya tatu aliutoa kwa mguu wa kushoto, ukamfikia mwenzake aliyekuwa peke yake. Baba yake alikuwa amesimama karibu na kibendera cha kona, kimya, ameshika chupa ya maji.