Fainali ya mikondo miwili: kwa nini unaweza kushinda mechi ukakosa kombe

Tarehe 3 Juni 2023, Yanga walishinda 1-0 mjini Algiers dhidi ya USM Alger, kwa penalti ya Djuma Shaban ya dakika ya saba. Walikuwa ugenini, mbele ya uwanja uliofurika, na timu mwenyeji haikupata hata bao moja. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, waliokimbia uwanjani kushangilia ni USM Alger. Kombe la Shirikisho Afrika lilikuwa lao.

Kwa mtu aliyeanza kufuatilia usiku ule tu, jambo hilo halina mantiki. Mantiki yake iko katika namna CAF, shirikisho la soka Afrika, inavyochezesha fainali za klabu.

Fainali ya mikondo miwili ni fainali inayochezwa kwa mechi mbili, kila timu ikiwa mwenyeji mara moja. Mechi ya kwanza huitwa mkondo wa kwanza, ya pili mkondo wa pili au marudiano. Mshindi wa mkondo wa pili si lazima awe bingwa. Mabao ya mechi zote mbili hujumlishwa, na mwenye jumla kubwa ndiye anayebeba kombe. Kwa maneno mengine, ni mchezo mmoja wa dakika 180 wenye mapumziko marefu katikati, mara nyingi ya wiki moja, na katika mapumziko hayo timu zinabadilishana uwanja, hali ya hewa na mashabiki. Ndivyo zinavyochezwa fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika na za Kombe la Shirikisho.

Yanga walikuwa wamefungwa 2-1 mkondo wa kwanza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, tarehe 28 Mei. Ukijumlisha na 1-0 ya Algiers, unapata 2-2. Hapo ndipo inapoingia kanuni ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa fainali hizi: bao la ugenini.

Jumla ikiwa sawa, huangaliwa nani kafunga mabao mengi akiwa kwa mwenzake. USM Alger walifunga mawili Dar es Salaam. Yanga walifunga moja Algiers. Mawili yakashinda moja. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, lilifuta kanuni hii mwaka 2021 katika mashindano yake ya klabu, ndiyo maana vijana wengi wanaotazama zaidi soka la Ulaya hushangaa kuikuta bado inaamua makombe Afrika.

Watu husema kwamba bao la ugenini linahesabiwa mara mbili. Usemi huo umewapotosha wengi. Bao linabaki kuwa bao moja, na kanuni hii haigusi chochote kama jumla inatofautiana. Hutumika tu pale jumla inapolingana. Lakini athari yake huanza mapema zaidi, tangu dakika ya kwanza ya mkondo wa kwanza, kwa sababu kila mwenyeji anajua kwamba bao atakaloruhusu nyumbani litamsumbua kuliko linavyoonekana kwenye ubao.

Chukua timu mbili, moja imeshinda nyumbani 1-0, nyingine imeshinda nyumbani 2-1. Zote zinaongoza kwa bao moja. Zikienda ugenini zikafungwa 1-0, ya kwanza ina jumla ya 1-1, na mabao ya ugenini ni sifuri kwa sifuri, kwa hiyo inaingia kwenye penalti. Ya pili ina jumla ya 2-2, ila mpinzani ana bao moja la ugenini na yenyewe haina. Imekwisha. Mwaka 2009 Heartland ya Nigeria ilishinda nyumbani 2-1 dhidi ya TP Mazembe, ikafungwa 1-0 Lubumbashi, na Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika. Mwaka 2024, katika Kombe la Shirikisho, RS Berkane ya Morocco ilishinda nyumbani 2-1 dhidi ya Zamalek, ikafungwa 1-0 Cairo, na kombe likabaki Misri. Miaka kumi na mitano imepita kati yake, na matokeo ni yale yale, bao kwa bao.

Sasa turudi Dar es Salaam ile Mei 28, maana kuna dakika mbili zinazofundisha kuliko maelezo yote. USM Alger waliongoza 1-0 tangu dakika ya 32. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, uwanja ukalipuka. Dakika ya 84 wageni wakafunga la pili. Kama mechi ingeisha 1-1, ushindi wa 1-0 wa Algiers ungewapa Yanga jumla ya 2-1 na kombe. Bila shaka USM Alger wangecheza marudiano kwa namna nyingine kama wangelazimika kutafuta bao, na hakuna anayeweza kuapa kwamba mambo yangekuwa vile. Hata hivyo hesabu inaonyesha kombe lilikopotelea. Timu ilikuwa imetoka kufunga, furaha imejaa, mashabiki wanasukuma wachezaji mbele watafute la ushindi, kumbe sare ya 1-1 ilikuwa inashikika na bao la pili la wageni lilikuwa sumu. Katika fainali ya mechi moja, kwenda mbele pale ni sahihi. Katika mikondo miwili, pale ni pa kutulia.

Mayele mwenyewe aliionja tena hesabu hii miaka miwili baadaye, safari hii akiwa na Pyramids ya Misri, upande wa furaha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2025, Mamelodi Sundowns walikuwa wanaongoza 1-0 Pretoria hadi muda wa nyongeza, ndipo Walid El Karti wa Pyramids akasawazisha kwa kichwa. Cairo, Mayele akafunga, Pyramids wakashinda 2-1 na kutwaa kombe kwa jumla ya 3-2. Wengi wanakumbuka mabao ya Cairo. Mimi nalitazama lile la El Karti. Bila hilo, 1-0 ya Pretoria na 2-1 ya Cairo zingetoa 2-2, na bao pekee la ugenini lingekuwa la Sundowns. Afrika Kusini ingeshangilia.

Kanuni hii haijawaumiza tu Waafrika Mashariki, imewahi pia kuwanufaisha. Kombe pekee la bara ambalo klabu ya Kenya imewahi kulitwaa lilipatikana kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1987, katika fainali ya Kombe la Washindi, Gor Mahia walikwenda Tunis na kutoka 2-2 na Espérance. Nairobi ikawa 1-1. Jumla 3-3, lakini K'Ogalo, kama Gor Mahia wanavyoitwa kwa utani, walikuwa na mabao mawili ya ugenini dhidi ya moja la Watunisia. Hawakushinda mechi yoyote kati ya mbili za fainali, na ni mabingwa halali kabisa. Kufunga mara mbili Tunis, mbele ya klabu kubwa kama ile, ni kazi ambayo sare ya 2-2 haiielezi vya kutosha.

Sare isiyo na mabao ugenini ndiyo inayodanganya zaidi. Inaonekana kama kazi imekwisha nusu. Simba walitoka 0-0 Abidjan na Stella katika fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, na Dar es Salaam nzima ikaamini kwamba kombe limeshafika. Marudiano yakaisha 2-0, wameshinda wageni. Ukitoka 0-0 ugenini, nyumbani unalazimika kushinda, au angalau kwenda kwenye penalti kwa 0-0 nyingine, kwa sababu sare yoyote yenye mabao inampa mgeni kombe. Na mgeni akitangulia kufunga, bao moja halikutoshi tena, unatakiwa upate mawili.

Kutoka 1-1 ugenini ni hali tofauti kabisa, maana hapo 0-0 nyumbani inakupa ubingwa. CS Sfaxien ya Tunisia ilikuwa katika nafasi hiyo mwaka 2006. Ilitoka 1-1 na Al Ahly Cairo, kisha marudiano ya Radès, karibu na Tunis, yakafika dakika ya 90 bila bao. Sfaxien walikuwa mabingwa wa Afrika kwa bao la ugenini, zimebaki dakika za nyongeza tu. Dakika ya 92 mpira ukamwangukia Mohamed Aboutrika nje kidogo ya boksi, akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukazama wavuni. Al Ahly bingwa, 2-1 kwa jumla. Uzuri wa mikondo miwili uko hapo: mechi yenye ubao wa 0-0 ilikuwa inawaka moto kwa sababu kila mtu uwanjani alijua nani ana kombe kwa sekunde ile na nani hana.

Kufukuza mabao mawili bila kuwa na bao la ugenini ni mlima mwingine. Simba walifungwa 2-0 Berkane Mei 2025, marudiano yakapigwa Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17, na matumaini yakawa ya kweli kabisa, kwa kuwa bao moja zaidi lingeleta penalti. Lakini kila shambulizi la Berkane lilikuwa na uzito wake, maana bao moja tu la wageni lingewataka Simba wafikishe manne. Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha pili, Simba wakaendelea kupambana wakiwa kumi, na Berkane wakasawazisha katika muda wa nyongeza. Jumla 3-1.

Na kama kila kitu kinalingana, hadi mabao ya ugenini? Kwa kanuni ambazo CAF imezitumia miaka ya karibuni katika fainali hizi, hakuna dakika 30 za ziada. Dakika 90 za marudiano zikiisha, moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Raja Casablanca walitwaa ubingwa wa 1999 hivyo baada ya kutoka 0-0 mara mbili na Espérance, na mwaka 2004 Enyimba na Étoile du Sahel walifungana 2-1 kila mmoja kwake kabla ya Wanigeria kushinda kwa penalti. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1967 TP Englebert, ambao ndio TP Mazembe wa leo, walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko, 1-1 na 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, na Englebert wakapewa kombe.

Fainali ya kwanza kabisa ya klabu bingwa Afrika, mwaka 1965, ilikuwa ya mechi moja, Accra, Oryx Douala wakiifunga Stade Malien 2-1. Mwaka uliofuata ikawa nyumbani na ugenini: Stade d'Abidjan walifungwa 3-1 Bamako, wakashinda 4-1 kwao, wakachukua kombe kwa 5-4. Mfumo huo ukadumu zaidi ya nusu karne.

Uliyumbishwa na usiku mmoja wa Radès, Mei 2019. Espérance na Wydad walikuwa wametoka 1-1 Morocco, na marudiano Espérance wakawa mbele 1-0. Wydad wakafunga kupitia El Karti, yule yule wa Pretoria, bao likakataliwa, wakaomba liangaliwe kwenye VAR, yaani video ya kumsaidia mwamuzi, kumbe VAR haikuwa inafanya kazi. Wakagoma kuendelea. Shauri lilifika hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo, na mwishowe kombe likabaki kwa Espérance. Kuanzia 2020 CAF ikachezesha fainali ya mechi moja. Ikadumu misimu mitatu tu. Mwaka 2022 fainali ya Al Ahly na Wydad ilichezwa Casablanca, nyumbani kwa Wydad, Al Ahly wakalalamika kabla hata mpira haujapigwa, Wydad wakashinda 2-0. Msimu uliofuata mikondo miwili ikarudi, na timu hizo hizo zikakutana tena. Al Ahly wakashinda 2-1 Cairo, wakatoka 1-1 Casablanca, na kombe likaenda Misri.

Naona CAF ilifanya vyema kurudi. Bara hili ni kubwa, tiketi za ndege ni ghali, na viza hazipatikani kirahisi. Ukipeleka fainali nchi ya tatu, shabiki wa kawaida wa timu zote mbili anabaki nyumbani na redio yake. Kwa mikondo miwili kila upande unaiona fainali kwa macho, na kila klabu inapata mapato ya mlangoni.

Kinachobaki kubishaniwa ni kama ni heri kuanzia nyumbani au kumalizia nyumbani. Makocha wengi hupenda kumalizia kwao, wakiwa wanajua wanachohitaji. Lakini Simba 1993 na Sfaxien 2006 walimalizia nyumbani wakakosa kombe. Al Ahly nao mwaka 2007 walitoka 0-0 Sousse na Étoile du Sahel, wakarudi Cairo na kufungwa 3-1. Mimi ningechagua kumalizia nyumbani, mradi nimerudi na bao kutoka ugenini. Nikirudi mikono mitupu na 0-0 yangu, ni afadhali nafasi hiyo apewe mpinzani.