Bustani ya viumbe shuleni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mtu akisikia kwamba shule imetenga siku ya kujitolea ili kutengeneza bustani ya wanyamapori, picha ya kwanza inayomjia ni ya tembo na simba. Wanaokusudiwa ni wadogo zaidi: vipepeo, nyuki, vyura, mijusi, jongoo na ndege. Kosa hilo husahihishwa kwa dakika moja. Yanayofuata ni magumu zaidi kuyaondoa, kwa kuwa hushikiliwa na watu wazima wenye nia njema na majembe mkononi, na karibu yote yana mzizi mmoja: kudhani kwamba hii ni bustani ya maua ya kawaida iliyopewa jina jipya.

Dhana ya kwanza ni kwamba bustani nzuri ni ile iliyofagiliwa. Majani makavu hukusanywa na kuchomwa, magogo hutupwa, na kila kona hubaki kweupe. Ukweli ni kwamba viumbe wengi huishi pale ambapo ufagio haufiki. Gogo linalooza huwa chakula cha kuvu na cha mabuu ya mende, na majani yaliyolala chini huwaficha jongoo na buibui ambao ndege huwatafuta. Hata hivyo, wazazi wanaohofia nyoka hawana makosa. Rundo la magogo au mawe liwekwe mbali na milango ya madarasa, na njia wanazopita watoto zikatwe nyasi mara kwa mara. Ukingo uliokatwa vizuri pia humwonyesha mpita njia kwamba fujo iliyo ndani ni ya makusudi.

Wengine huamini kwamba ua lolote la kupendeza litaleta vipepeo. Kipepeo mzima hunywa nekta katika maua ya aina nyingi, lakini kiwavi wake mara nyingi hula mimea michache tu, na pasipo mmea huo mama hana sababu ya kutaga hapo. Yule kipepeo wa Marekani anayeitwa monarch, maarufu kwa safari zake ndefu, hutaga mayai juu ya mimea ya jamii ya Asclepias, na viwavi wake hawali kingine. Kwa hiyo orodha ya miche ianze na mimea ya asili ya mahali hapo, ndipo maua ya mapambo yafikiriwe. Maua yaliyozalishwa yawe na petali nyingi zilizorundikana yaachwe dukani, kwa kuwa katika mengi kati yake stameni, yaani sehemu zinazotoa chavua, zimegeuka petali, na nyuki akifika hapati chavua ya kutosha wala njia ya kuifikia nekta. Na mwalimu anayeona majani yametobolewa matundu asikimbilie dawa ya kuua wadudu. Matundu hayo ndiyo dalili kwamba bustani imeanza kufanya kazi.

Mbolea nyingi nayo si fadhila daima. Mahali panapokusudiwa maua ya porini, udongo ulioneemeshwa sana hunufaisha nyasi zenye nguvu, nazo huyasonga maua hayo. Mboji ipelekwe kwenye vichaka na miti.

Hofu ya nyuki hutokana na kudhani kwamba kila nyuki ana mzinga wa kulinda. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na nyingi kati yake huishi kipweke: kila jike huchimba tundu lake ardhini au hutafuta bua lenye uwazi, huweka chavua na yai, hufunga, huondoka. Nyuki wa namna hii huuma kwa nadra, na dume wa nyuki wa aina yoyote hana mwiba. Hilo haliondoi wajibu wa kumjua mwanafunzi mwenye mzio na kupanda maua mbali na uwanja wa michezo. Ama yale «maghorofa ya wadudu» yanayojazwa kila kitu kuanzia matofali hadi koni za misonobari, mengi hupendeza macho tu. Kinachofaa ni vipande vya mianzi vyenye uwazi wa kati ya milimita 2 na 10, urefu wa sentimita 15 hivi, nyuma pamezibwa, mdomo umesuguliwa kwa msasa ili vibanzi visichane mabawa. Vifungwe imara visiyumbe na upepo, pahali penye jua na pasiponyeshewa.

«Bwawa litatuletea mbu.» Hii ndiyo dhana inayostahili kujibiwa kwa heshima, hasa mahali ambapo mbu huambukiza magonjwa. Penye joto, yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 10 hivi au pungufu, na ndoo iliyosahaulika au toroli iliyoachwa wazi hutosha kabisa. Bwawa lililokomaa huwa na mabuu ya kereng'ende na wadudu wengine wanaowala viluwiluwi vya mbu, lakini walinzi hao hawafiki siku ya kuchimba. Maji yakaguliwe kila wiki. Kuongeza samaki kunaonekana kama suluhisho la haraka, ila samaki hula pia mayai na watoto wa chura. Hatari kubwa zaidi wala si mbu. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya sentimita 5, hivyo bwawa liwe na wavu imara wa chuma juu yake na upande mmoja wenye mteremko ambao mtoto au mnyama anaweza kupanda. Shule isiyoweza kusimamia hayo iweke sahani pana yenye mawe, imwagwe na kujazwa upya kila baada ya siku chache. Na chura akija, aachwe: chunjua huletwa na virusi vya binadamu, si na ngozi ya chura.

Kuhusu siku yenyewe, wengi hudhani kwamba wingi wa watu ndio wingi wa kazi. Watu 60 wenye masepeto 9 hugeuka watazamaji. Mabomba na nyaya zilizo chini ya ardhi zijulikane kabla ya jembe la kwanza, na kila kundi lipewe kazi moja na mtu mmoja anayeijua. Kupanda kwenyewe huharibika kwa haraka: kiriba, yaani kifuko kilichooteshewa mche, kikivuliwa, mizizi iliyojizungusha kama kamba ilegezwe kwa vidole, shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, isifukiwe, na matandazo yasiguse shina. Katika uchimbaji huo sepeto itamkata nyungunyungu, na mtoto atasema sasa wamekuwa wawili. Hawajawa. Mara nyingi kipande chenye kichwa huweza kupona, kingine hufa.

Dhana ya mwisho ni kwamba jioni ikifika kazi imekwisha. Miche mingi hufa baadaye, shule inapofungwa na mvua kukosekana. Jina la mwenye ufunguo wa bomba wakati wa likizo liandikwe kwenye mpango kabla ya jina la mgeni rasmi.