Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa sheria husoma ugomvi wa shamba la mwaka 1988?

Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mwezi wa likizo. Mpwa wangu, anayesoma sheria mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amekaa nyuma ya meza ya dagaa ya mama yake. Mteja akija anampimia kwa kopo, mteja akiondoka anarudi kwenye makaratasi yake ya fotokopi yaliyojaa mistari ya kalamu ya njano. Dada yangu alimtazama siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Hivi mwanangu, mkopo wote huo wa serikali ni wa kusomea ugomvi wa watu? Si sheria zimeandikwa? Zikariri basi, umalize."

Binti akanigeukia: "Mjomba, mweleze wewe." Nami nilipita chuo hicho hicho, Mlimani, miaka mingi iliyopita, na swali hilo hilo niliulizwa na baba yangu. Ni swali la haki kabisa. Na kwa bahati nzuri, kesi aliyokuwa ameishika mkononi siku ile ndiyo jibu lenyewe, tena iliamuliwa hapa hapa Mwanza.

Inaitwa Ephrahim dhidi ya Pastory. Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya, aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Uzee ukamkuta hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza shamba kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wao, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, Bernardo Ephrahim, ndugu yake wa ukoo, akawa ameshafika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, kudai kwamba mauzo yale ni batili: kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, ikamwamuru bibi arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaipindua hukumu hiyo. Rufaa ikavuka ziwa, ikaja Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Sasa tumpe dada yangu anachokitaka. Tukariri sheria.

Ya kwanza ni Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, kanuni za urithi, aya ya 20. Inasema wanawake wanaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu, hawataiuza. Isipokuwa kama ukoo umekosa mwanaume kabisa. Ya pili ni Katiba. Mwaka 1984 iliingizwa ndani yake orodha ya haki za binadamu, na ibara ya 13 ikakataza ubaguzi. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa. Zote mbili zilikuwa hai siku bibi Holaria alipopokea fedha zake. Kariri aya ya 20 neno kwa neno, kariri na ibara ya 13 mpaka nukta ya mwisho, bado hujui shamba ni la nani.

Hapo ndipo vitabu vya sheria vinapoishia. Maandishi ya sheria hutungwa kwa ajili ya watu wote, lakini mwenye kuja mahakamani ni mtu mmoja, na shida yake ina tarehe, bei, na ndugu aliyekasirika. Sheria mbili zinapokutana juu ya shamba la mtu huyo zikavutana, lazima mtu aamue, aandike na sababu zake. Hukumu ni maandishi ya sababu hizo. Mwanafunzi anasoma ugomvi ili aone sababu zikifanya kazi.

Naomba msomaji azingatie tarehe, maana kwangu mimi ndizo moyo wa kesi hii. Haki zile ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, lakini Bunge liliweka kipindi cha miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, ambacho mtu asingeweza kuzidai mahakamani. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Holaria aliuza Agosti. Miezi mitano! Mwanafunzi anayesoma mbiombio huiruka tarehe hiyo kama pambo la hadithi. Mwalimu mzuri humrudisha hapo na kumuuliza: je, kama bibi angeuza mwaka mmoja kabla?

Kuna mlango mwingine ambao ni wachache wanaoukumbuka. Sheria Na. 16 ya mwaka 1984, ile iliyoandaa njia ya haki hizo kuanza kutumika, ilisema katika kifungu cha 5(1) kwamba mahakama inapokutana na sheria ya zamani isiyoendana na Katiba mpya, iisome pamoja na marekebisho yanayohitajika ili iendane nayo. Jaji Mwalusanya alikitumia kifungu hicho. Aliona pia kwamba Tanzania ilikuwa imeridhia mikataba ya kimataifa inayopinga ubaguzi, ukiwemo ule wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985. Akahitimisha, Februari 1990, kwamba aya ya 20 isomwe upya: wanaume na wanawake wana haki sawa kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Kanuni za mwaka 1944 za mamlaka ya wenyeji ya Bukoba, zilizombana binti hata kwenye shamba alilojipatia baba yake mwenyewe, nazo akazitangaza kuwa batili.

Nilipofika hapo dada yangu alikuwa ameacha kupanga mafungu ya dagaa. "Kwa hiyo bibi alishinda, shamba likawa la yule mnunuzi."

Si hivyo kabisa, na hili ndilo linalomtenga aliyesoma hukumu na aliyesimuliwa. Kwa mila ile, mwanaume aliyeuza shamba la ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu, mauzo yake hayakufa. Ila ndugu yeyote wa ukoo aliweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei yake. Mwanamke akiuza, mauzo yalikuwa si kitu. Jaji hakuifuta haki ya ukoo kukomboa. Alichofanya ni kumweka mwanamke mahali pale pale alipo mwanaume: auze, na ndugu wakomboe wakitaka, kwa bei. Akampa Ephrahim, aliyekata rufaa, miezi sita awe amelipa shilingi 300,000 kulikomboa shamba, la sivyo liwe la Kaizilege moja kwa moja. Nimesikia watu wazima, wasomi, wakisema kesi hii "ilifuta mila za ukoo". Haikufuta. Iliondoa tofauti moja tu, nayo ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo kazi anayoifanya mpwa wangu kwa kalamu yake ya njano ni kupima upana wa uamuzi. Darasani wanaita kubrifu kesi: unaandika kwa ufupi nini kilitokea, swali lililobishaniwa ni lipi, mahakama ilijibu nini, na sababu ipi ndiyo iliyobeba jibu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Jaji huandika mengi. Hueleza historia, hulaumu, husifu, hutamani. Sehemu kubwa ya hayo haimfungi mtu. Inayofunga ni ile sababu ambayo ukiiondoa, uamuzi unaanguka. Kuitafuta ni kama kuchagua mifupa kwenye sangara: ukikosea mmoja, utakukwama kooni siku uko mbele ya hakimu.

Neno "kufunga" nalo lina maana yake. Tulirithi mfumo wa Kiingereza, uliopokelewa rasmi Tanganyika tangu tarehe 22 Julai 1920, ambamo uamuzi wa mahakama ya juu hufuatwa na zilizo chini yake. Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika, huzifunga zote. Mahakama Kuu huzifunga za wilaya na za mwanzo. Urithi ni wa mkoloni, lakini sababu yake naikubali kwa moyo wote: wanawake wawili wenye shida ileile wasipate majibu mawili kwa sababu mmoja alimkuta hakimu huyu na mwingine yule.

Na Jaji Mwalusanya hakuanzia hewani. Mwaka 1968, katika kesi ya Verdiana Kyabuje, nayo ya Kihaya, Mahakama Kuu ilikuwa imeona wazi kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikasema mabadiliko yasubiri Wahaya wenyewe. Zisome mbili hizo kwa pamoja. Mila ni ileile, kabila ni lilelile la kando ya ziwa, majibu tofauti. Kilichoingia katikati ni Katiba. Kusoma kesi moja peke yake ni kusikia upande mmoja wa mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe hayakuishia mwaka 1990. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu wakiomba kanuni za urithi za mwaka 1963 zitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zinabagua, ikakataa kuzifuta, kwa hofu kwamba kila mila nchini ingeanza kupingwa. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa dosari ya kiutaratibu. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona kwamba haki zao zilivunjwa. Mwanafunzi atauliza, na anapaswa kuuliza: inakuwaje Mwanza 1990 na hukumu ya 2006 ziko pamoja? Mimi naamini Mwanza ilikuwa sahihi, kwa sababu ilitumia kifungu kilichowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Darasani wapo watakaobisha, na wabishe wakiwa na kurasa mkononi.

Kuhusu ardhi, Bunge lenyewe lilisogea. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawa na mwanaume. Urithi umebaki na mikwaruzo yake.

Zamani ilibidi upange foleni maktaba ili upate kurasa hizi. Leo hukumu nyingi zinapatikana bure mtandaoni kwenye TanzLII, na simu ya kawaida inazifungua. Kikwazo kilichobaki ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za mahakama za juu za miaka ya nyuma zimebaki kwa Kiingereza, na ndizo zinazofundishwa. Mpwa wangu anasoma kwa Kiingereza, anamweleza mama yake kwa Kiswahili, na bibi yake kwa Kisukuma. Hakuna mtihani unaozidi huo.

Wakati nazungumza, mama mmoja wa Sengerema aliyekuja kununua debe mbili alikuwa amesimama akisikiliza. Akasema baba yake alifariki mwaka jana, na kaka zake wamemwambia shamba halimhusu kwa sababu ameolewa. Nilitaka kujibu. Mpwa wangu akaniwahi. Akaweka kopo chini, akafungua ukurasa mtupu mwisho wa daftari.

"Pole sana, mama. Baba aliacha wosia? Na hilo shamba, alilirithi kwa babu, au alilinunua mwenyewe? Liko kijijini au mjini? Kaka zako walikwambia lini?"