Ukibadilisha pedi za kupitisha joto kwenye kadi ya michoro (GPU), unene ndo kila kitu

Kadi za RTX 3080 za mtumba bado zinaletwa sana mezani kwangu, nyingi zilikuwa zinachimba sarafu za kidijitali mpaka Ethereum ilipobadili mfumo Septemba 2022 zikamwagwa sokoni, na lalamiko ni lilelile: gemu linaanza freshi, baadae linakwamakwama na feni zinapiga kelele balaa. Mwenyewe anakuonyesha HWiNFO, programu ya kusoma joto, GPU inasoma digrii 72, anasema mbona iko poa. Shuka chini kaangalie joto la memori. Ukikuta 108 au 110 basi jibu unalo, maana hizo memori, aina ya GDDR6X, zikigonga 110 kadi inajipunguza spidi yenyewe zisije zikaungua.

Hapo kubadilisha pesti, ile krimu ya kupitisha joto, peke yake hakusaidii kitu. Pesti inakaa juu ya chipu kubwa ya katikati tu, ila memori 10 zinazoizunguka pamoja na saketi za umeme hazigusani na hitisinki, lile chuma la kupoza, kuna uwazi, na pedi ndo zinaujaza. Sasa huo uwazi unatofautiana kampuni na kampuni, hata kadi moja unaweza kukuta memori zina unene wake na saketi za umeme wake.

Mtu anaenda kununua pedi ya milimita 2 sababu kaambiwa ni bora, kumbe kadi yake inataka 1.5. Anafunga, joto la memori linashuka vizuri kabisa anafurahi, ila pedi imeinua hitisinki na ile chipu ya katikati haibanwi tena sawasawa. Dalili yake iko kwenye hotspoti, yaani joto la sehemu ya chipu yenye moto zaidi, kawaida inazidi joto la GPU kwa digrii 10 hadi 15 hivi, ukiona imezidi 30 ujue hitisinki haijakaa. Na tafadhali msinunue pedi kwa kuangalia namba ya W/mK (uwezo wa kupitisha joto) peke yake, nyingi zenye namba kubwa ni ngumu, hazibonyei, na pedi isiyobonyea inakuadhibu hata ukikosea nusu milimita.

Kwa hiyo pima. Kabla ya kufungua washa gemu kidogo kadi ipate moto pesti ilegee, zima, chomoa umeme, legeza skrubu nne za katikati kwa msalaba, kona moja kisha ya mkabala, kisha zungusha hitisinki taratibu kushoto kulia, usiivute kwa nguvu, na chunga waya za feni zile soketi zake ni laini mno. Pedi ya zamani ipime pembeni, pale ilipozidi nje ya memori, maana sehemu iliyobanwa imeshapungua unene na itakudanganya. Mafuta mafuta utakayoyaona yamezunguka memori ni silikoni ya pedi, futa kwa alkoholi ya isopropili, hayajaharibu kitu.

Ukishindwa kupata unene wa uhakika tumia puti ya kupitisha joto, ile laini kama ugali wa moto, inajibana yenyewe kufuata uwazi uliopo, na kwa kadi za mtumba mimi ndo naipenda zaidi. Chipu ya katikati naweka PTM7950 ya Honeywell, karatasi nyembamba ya kupitisha joto, badala ya pesti. Chipu ya GPU haina kifuniko, ikipata moto na kupoa kila siku pesti nyepesi inasukumwa pembeni kidogokidogo katikati panabaki pakavu, ila hii PTM7950 inalainika kwenye digrii 45 hivi na inatulia palepale.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, jaribu kwanza na pesti ya bei rahisi: paka nyembamba, kaza skrubu kwa msalaba, fungua tena uangalie alama. Ikiwa imesambaa chipu nzima mpaka kona zote nne, futa, weka ile nzuri ufunge. Kona moja ikiwa haijaguswa, punguza unene wa pedi za upande huo kwanza.